Kumchora Shetani Si Kumtumikia

Katika bonde la Kilombero habari za shetani si habari za vitabuni. Mtoto akianza kukakamaa usiku, macho yamegeuka na povu linamtoka, wazazi wake wana uamuzi wa kufanya kabla ya alfajiri: wamkimbize Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, au wampeleke kwanza kwa mganga, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba degedege huletwa na shetani anayepita angani kama ndege. Jumapili familia hiyohiyo itakaa kwenye benchi la kanisa na kuungama imani yake kwa Mungu mmoja. Msiba ukitokea, wazee watawakumbuka mahoka, mizimu ya waliotangulia, na kuuliza kama wamesahauliwa. Mahali kama hapa mchoraji anayemchora shetani hawezi kujitetea kwamba anacheza na rangi tu. Watu wana haki ya kumuuliza: kumpa sura asiyeonekana, je, si kumfungulia mlango? Anayemchora, je, hamtumikii? Jibu langu ni kwamba hamtumikii. Tena nadai kwamba mchoro wa namna hiyo, ukifanywa kwa uaminifu, humnyang'anya shetani kile anachokitegemea kuliko kitu kingine chochote, nacho ni hofu yetu. Ushahidi wangu mkuu ni kazi ya maisha ya Mtanzania mmoja, George Lilanga, ambaye hakuzaliwa Kilombero lakini alilishughulikia swali hili la Kilombero kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania, kwa Wamakonde. Kama vijana wengi wa huko alijifunza kuchonga, na mpingo ukawa shule yake ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Dar es Salaam kutafuta maisha, na kwa msaada wa ndugu yake Augustino Malaba, ambaye naye alikuwa msanii, akapata kazi Nyumba ya Sanaa. Hakuchukuliwa kama msanii, alichukuliwa kama mlinzi wa usiku. Nyumba hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll, ili vijana wenye vipaji wasio na uwezo wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuzia kazi zao. Haukupita muda mrefu mlinzi akawa mchoraji. Alichora kwa wino kwenye karatasi, kwa rangi kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye mbao, na kutengeneza chapa za mabamba ya chuma. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington katika maonyesho ya sanaa ya Afrika, na inasimuliwa kwamba kati ya kazi 280 hivi, takriban 100 zilikuwa zake. Baadaye alijulikana Ulaya na Japani, na kuanzia mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa wasanii wa maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyozunguka Düsseldorf, London, Paris na Tokyo. Kisukari kilimwandama miaka ya mwisho hadi akakatwa mguu, naye aliendelea kufanya kazi. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Katika miaka yote hiyo mada yake kubwa ilikuwa moja: mashetani.

Ni lazima tuwatazame hao mashetani kwa karibu kabla ya kuwahukumu. Masikio yao ni makubwa na yameanguka mpaka mabegani. Macho yametoka, midomo imevimba na kufunguka, matumbo yamejitokeza mbele, na miguu mara nyingi huishia kwenye vidole viwili au vitatu. Ngozi zao zina madoa na mistari ya buluu, njano, waridi na kijani. Wamejaa ubao wote, mkono wa huyu umepita chini ya kwapa la yule, goti la yule limegusa shavu la huyu, na hapabaki upenyo wa kupitisha hata kidole. Sasa tazama wanachofanya. Wanacheza ngoma, wanabeba mizigo, wanakunywa pombe, wanasengenyana, wanagombana, wanahudumiana wakiugua. Mara nyingi kazi hizo zina majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima zinazoeleza nani anamfanyia nani nini. Hakuna pembe wala moto, wala anayekula nyama ya mtu gizani. Mtazamaji akisimama mbele ya ubao huo kwa dakika chache anagundua kwamba anaowatazama ni majirani: tamaa yao anaifahamu, umbeya wao amewahi kuusikia, na huruma yao pia aliwahi kutendewa. Shetani wa Lilanga ana mwili, na mwenye mwili ana mipaka. Anachoka, anashiba, anaaibika. Kiumbe wa namna hiyo unaweza kumshangaa, hata kumcheka, lakini ni vigumu sana kumpigia magoti.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ibada ni kutoa. Anayeabudu hutoa sadaka, hutoa utii, hutoa imani yake, au hutoa hofu yake, na anayepokea vitu hivyo ndiye mungu wake, awe na sanamu au asiwe nayo. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuona mchoro hata mmoja wa shetani na bado akawa mtumwa wake, kwa sababu kila homa, kila ng'ombe aliyekufa na kila shamba la mpunga lililozama wakati wa mafuriko anampa yeye sifa ya kulisababisha. Na mtu mwingine anaweza kumtazama aliyechorwa ubaoni bila kumpa chochote. Biblia yenyewe ina mfano unaolithibitisha hili vizuri kuliko mwingine wowote. Katika kitabu cha Hesabu, Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani, na Musa anaagizwa na Mungu atengeneze nyoka wa shaba amweke juu ya mti, ili aliyeumwa atazame apone. Ile ni sura ya kitu kilekile kilichowaua. Karne nyingi baadaye, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Mfalme Hezekia anakivunja kipande kilekile cha shaba, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kukifukizia uvumba. Shaba haikubadilika, walichobadilisha watu ni wanachoipa. Walipoitazama kwa kumtegemea Mungu ilikuwa tiba, na walipoifukizia ikawa sanamu ya kuvunjwa. Na Injili ya Yohane haikuona aibu kumlinganisha Kristo aliyeinuliwa msalabani na nyoka huyo. Kwa hiyo swali la haki kwa mchoro wowote ni hili: mbele yake watu wanatoa nini?

Pingamizi la kwanza litatoka kwenye sheria. Amri inakataza sanamu za kuchonga, na Mkristo wa makanisa ya uamsho atasema kwamba hapa hakuna la kujadili. Lakini amri ileile inaendelea kukataza kusujudu na kutumikia, na Mungu aliyeitoa ndiye aliyeagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Kanisa liligombana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa, picha zikavunjwa na watawa wakateswa, hadi Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787 ulipoitenganisha heshima inayopewa picha na ibada inayomstahili Mungu peke yake. Wakatoliki wa Mahenge na Ifakara wanaishi juu ya uamuzi huo kila siku, wajue wasijue. Wabenediktini walipofungua misheni ya Kwiro mwanzoni mwa karne iliyopita, na Wakapuchini wa Uswisi walipokuja baada yao kuanzia mwaka 1921, walikuja na misalaba, medali na sanamu za Bikira Maria, na bonde likazipokea. Kwa Waislamu pingamizi ni zito zaidi, kwa kuwa wanazuoni wengi, wakitegemea hadithi za Mtume, wanakataza kuchora viumbe wenye roho. Sina mamlaka ya kumwambia Muislamu wa Ifakara alegeze anachokiamini, na siitaki. Nasema tu kwamba Kurani inawataja majini kama viumbe, wengine waumini na wengine wakaidi, wote wakisubiri hukumu ya Mola mmoja, na kwamba sura iitwayo Saba inawasimulia majini waliomtumikia Nabii Suleimani. Anayewaona hivyo hawezi kuwaogopa kama wapinzani wa Mungu. Katika hilo, aliyekataa kuchora na aliyechora wanaweza kusimama pamoja: shetani ni kiumbe, naye si mungu wa pili.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linatoka ndani ya utetezi wenyewe. Picha ya mtakatifu, mtu atasema, inauinua moyo kuelekea kwa yule aliyechorwa. Ndiyo sababu ya kuihalalisha. Je, picha ya shetani itauelekeza moyo wapi? Karibu mwaka 1125 Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux aliuliza jambo kama hilo kwa hasira. Nguzo za monasteri za siku zake zilikuwa zimechongwa mazimwi, nusu mtu nusu mnyama, naye aliona watawa wakipoteza siku nzima kuyashangaa badala ya kutafakari sheria ya Mungu. Nalichukua lalamiko lake kwa uzito, kwa sababu kushangaa kunaweza kweli kuwa uvivu wa roho. Lakini Bernardo alikuwa akisema na watawa, watu walioacha dunia ili wamtazame Mungu peke yake. Mkulima wa Mngeta, mvuvi wa mto Kilombero na mama muuza samaki wa sokoni Ifakara hawajaiacha dunia. Wanaishi katikati ya husuda, deni, ugonjwa na maneno ya majirani. Kwao, kuuona uovu jinsi ulivyo, mdogo, mlafi, wenye masikio makubwa ya kusikiliza yasiyouhusu, ni sehemu ya kutubu. Picha ya mtakatifu inaonyesha tunakoitwa. Mchoro wa Lilanga unaonyesha tunakoanzia safari hiyo. Dhamiri iliyokomaa inahitaji vyote viwili, na ndiyo maana hata makanisa yaliyochongwa malaika juu ya madhabahu hayakukosa mashetani kwenye pembe za paa.

Halafu tukumbuke mashetani hao walichorwa chini ya paa la nani. Nyumba ya Sanaa haikuwa kanisa, lakini ilianzishwa na mtawa wa Kikatoliki, naye hakumwambia mlinzi wake wa usiku achore malaika ndipo apewe karatasi. Jambo kama hilo liliwahi kutokea upande wa pili wa bahari, Haiti, nchi ambayo wazee wake waliletwa utumwani kutoka Afrika wakiwa na miungu na mizimu yao. Mwaka 1944 kilifunguliwa Port-au-Prince kituo kinachoitwa Centre d'Art, na mmoja wa wachoraji wake wakuu alikuwa Hector Hyppolite, aliyekuwa pia kuhani wa dini ya vodou. Miaka michache baadaye, mwaka 1950 na 1951, wachoraji wa kituo hicho walichora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Utatu Mtakatifu, wakiweka habari za Biblia katika mandhari na sura za Haiti. Sehemu kubwa ya kuta hizo iliangushwa na tetemeko la Januari 2010. Leo Edouard Duval-Carrié, aliyezaliwa Port-au-Prince mwaka 1954 na kuishi Miami, anawachora mizimu wa vodou kama wahamiaji waliopanda mashua, na Erzulie, mama wa mapenzi, akikamatwa na walinzi wa pwani ya Marekani. Mpinzani wangu atanishika hapo hapo: kama Hyppolite alikuwa kuhani, basi kuchora kwake kulikuwa kutumikia. Lakini vodou yenyewe inakataa. Ishara inayochorwa ili kumwita roho huchorwa kwa unga, chini, na miguu ya wachezaji huifuta ngoma ikikolea. Huo ndio mchoro wa ibada: unatolewa, unatumika, unaisha. Mchoro wa ukutani haumwiti mtu. Unabaki pale, mbele ya wageni wasioamini, ukingoja kufikiriwa. Wazee wa bonde letu wanaomwaga unga wakati wa tambiko wanaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Unga uliomwagwa ni maneno kwa wafu, na hakuna anayeutundika sebuleni.

Hoja yenye uzito zaidi kwa Kilombero na Ulanga, hata hivyo, haihusu madhabahu. Inahusu majirani. Kila jamii inayoamini uovu usioonekana inapaswa kuamua itauweka wapi. Kusini mwa bonde, huko Ihowanja, kwa miongo mingi watu wamepelekwa kunyolewa: anayetuhumiwa uchawi hunyolewa nywele na kupewa dawa, ili uchawi wake, kama anao, usifanye kazi tena. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyeandika mwaka 2003 kitabu kuhusu Wakatoliki wa Kipogoro, alionyesha jinsi desturi hiyo ilivyokwenda sambamba na ubatizo na misa bila kufutwa navyo. Ni haki kusema kwamba desturi hiyo ina busara yake. Haiui mtu, na mara nyingi mtuhumu na mtuhumiwa hunyolewa wote wawili ili warudi kijijini wakiwa sawa. Ukilinganisha na panga lililotumika mahali pengine dhidi ya vikongwe wenye macho mekundu, wembe ni rehema. Lakini bado wembe unahitaji kichwa cha mtu. Hofu ya kijiji inapata nafuu kwa kupita juu ya mwili wa bibi fulani, anayejulikana kwa jina, na jina hilo halinyoleki. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee, na methali hiyo imegeuzwa kuwa ruhusa ya kumkagua ndugu. Mbele ya ubao wa Lilanga hakuna anayeweza kumnyooshea kidole jirani kwamba ndiye huyu. Mashetani ni wengi, wamefungamana, na kila mmoja ana kitu cha kila mmoja wetu. Uovu umetolewa kwenye kichwa cha mtu mmoja na kugawiwa wote, na hiyo ndiyo elimu ya dhambi ambayo mapadre na masheikh wamekuwa wakiifundisha.

Mganga wa hospitali anaweza kuwa na wasiwasi wake. Atasema: tumehangaika miaka mingi kuwaeleza watu kwamba degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba kila saa inayopotea kwa mganga wa kienyeji ni hatari. Sasa mnatuletea mashetani wa rangi, si mnarudisha imani ile tuliyokuwa tunaipunguza? Wasiwasi huu ni wa kweli, na Ifakara ndiyo mahali pa kuupima. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha hapa maabara ndogo ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na kuanzia mwaka 1997 bonde hili likawa mahali pa mfano wa kusambaza vyandarua vyenye dawa. Watu wa taasisi hiyo wanafuga mbu, wanawahesabu, wanawachora na kuwapiga picha mpaka miguu na mabawa, na hakuna aliyewahi kuwashtaki kwamba wanamtumikia mbu. Wamemtazama ili wamshinde. Aliyemwona mbu kwenye kioo hamwogopi kama balaa lisilo na jina, anajua hula saa ngapi na huzaliana wapi. Nadai kwamba mchoraji anaifanyia hofu ya rohoni kazi ya namna hiyo. Mzazi anayekimbilia kwa mganga hafanyi hivyo kwa sababu ameona picha. Anafanya hivyo kwa sababu kisichoonekana kimeachwa bila sura, kikakua mpaka kikajaza usiku mzima. Mashetani wa Lilanga hawafundishi tiba, na asiyejua dalili za malaria hatazijua kwa kuwatazama. Lakini wanawashusha chini wale waliopandishwa kiti cha enzi, na akili iliyopungukiwa hofu huwa tayari zaidi kusikia ya daktari.

Pingamizi jingine linahusu fedha. Inasemwa kwamba mtindo wenyewe wa shetani katika sanaa ya Wamakonde hautoki kwa mababu. Ulianzia Dar es Salaam katika miaka ya 1950, kwa mchongaji Samaki Likankoa, ambaye kazi zake zilinunuliwa na mfanyabiashara Mohamed Peera, na wateja wakawa Wazungu. Lilanga naye aliuza zaidi nje kuliko nyumbani, na katika miaka ya ugonjwa alisaidiwa na vijana wa karakana yake, hata kazi nyingi zenye jina lake zikawa za mikono mingi. Basi, mtu atauliza, hii ni falsafa gani inayouzwa dukani? Nakubali habari hizo zote. Hitimisho lake silikubali. Wachoraji wa makanisa ya Ulaya walilipwa, na waliosaidiwa na wanafunzi wao ni wengi kuliko waliofanya kazi peke yao. Malipo yanaweza kumpotosha msanii, ila hayathibitishi kwamba amepotoka, na kipimo kinabaki kazi yenyewe. Na hili la kuwa mtindo ni mpya linanisaidia mimi. Kama mashetani hawa wangekuwa sanamu za kale za ibada, shaka ya Mkristo na Muislamu ingekuwa na msingi. Kwa kuwa walizaliwa mjini, mbele ya wateja, nje ya kilinge na mbali na ngoma ya kupunga pepo, ni wazi kwamba tangu mwanzo walikuwa vitu vya kutazamwa na kufikiriwa. Kwenye kupunga, pepo huulizwa jina na kupewa anachotaka, iwe kitambaa, marashi au damu ya kuku. Kwenye karakana ya Lilanga, pepo ndiye aliyefanyishwa kazi.

Limebaki pingamizi moja ambalo silivunji, nalipokea kama mpaka. Mzee wa Kipogoro au wa Kindamba anaweza kusema: mahoka wetu si mashetani. Ni baba zetu na bibi zetu, waliolima mbuga hizi kabla ya reli ya TAZARA na kabla ya skimu za mpunga, na hatutaki kuwaona na midomo iliyovimba wakichekwa na watalii. Mzee huyo ana haki. Kumfanyia kichekesho marehemu wa mtu ni kumvunjia heshima aliyekufa na kumuumiza aliye hai, na sanaa haina ruhusa ya pekee ya kufanya hivyo. Wamishionari walikosea pale walipoweka kila mzimu na kila pepo kwenye kapu moja na kulitia moto. Msanii akifanya hivyohivyo kwa rangi, naye atakuwa amekosea. Lakini mashetani wa Lilanga si wafu wa ukoo wowote. Hawana kaburi, hawana jina la familia, hawaombewi mvua. Ni maumbo ya mwenendo wetu sisi tulio hai. Mpaka huo ukilindwa, hoja yangu inaimarika, kwa sababu inadhihirisha ni kitu gani kinachochorwa: kinachochorwa ni tabia, na tabia ya mtu haina haki ya kuheshimiwa kwa kuwa ni ya kale tu.

Kutokana na hayo yote, nadhani bonde la Kilombero lina jambo la kufanya. Jimbo la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, na makanisa, misikiti na shule zinaendelea kujengwa kadiri watu wanavyohamia kufuata mpunga, miwa na malisho. Kuta ni nyingi na vijana wenye mikono myepesi hawakosekani, ila wakipewa nafasi ya kuchora huambiwa wanakili picha zilizochapwa Ulaya, au twiga na simba wa kumuuzia mgeni. Wapewe swali gumu zaidi. Waambiwe wachore kinachowatisha watu wa kwao: husuda ya urithi wa shamba, ulevi wa mavuno, mkopo usiolipika, minong'ono inayomfikisha bibi kwenye wembe. Katekista na ustadhi wawepo, daktari awepo, na wazee wanaowajua mahoka wawepo ili mpaka usivukwe. Watakaochora vizuri watawafanyia majirani zao huduma ambayo mahubiri peke yake hayajaweza kuifanya, kwa sababu mahubiri humwambia mtu asiogope, na mchoro humpa nafasi ya kulitazama lile analoliogopa akiwa amesimama na wenzake, mchana, akili zikiwa zake. Lilanga aliingia kwenye sanaa kupitia kazi ya kulinda usiku, akaitumia sehemu iliyobaki ya maisha yake kuwaleta mchana wale ambao watu wanawaogopa usiku. Hiyo ni kazi njema mbele ya Mungu na mbele ya watu, na anayeiita utumishi wa shetani anapaswa kwanza kutuonyesha ni nani, baada ya kuutazama ubao ule, aliyekwenda nyumbani akiwa na hofu zaidi.